Mizani Kabla ya Rangi: Kumnunulia Mtoto Boti ya Tanga Iliyotumika

Boti ya kwanza niliyomnunulia binti yangu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya samawati, ukingo wake umechorwa mstari mweupe ulionyooka, na tanga lake lilikuwa limeviringishwa vizuri ndani ya mfuko wake. Muuzaji alikuwa mzazi mwenzangu ambaye kijana wake alikuwa amekwisha kurefuka kupita boti yenyewe. Alituruhusu tuizunguke, tuiguse, na hata binti aketi ndani yake ikiwa bado juu ya mchanga. Nililipa shilingi milioni 3 na laki 2 jioni ileile, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wa mwanangu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 10 na uzito wa kilo 31. Ilituchukua miezi mitano kutambua kwamba boti ile ilikuwa imekunywa maji, na katika miezi hiyo mitano mtoto alikuwa amekwisha kuamini jambo la uongo kuhusu nafsi yake.

Namwandikia mzazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Kilifi ambaye mtoto wake ameanza kujifunza kuendesha tanga, na ambaye sasa anaambiwa kila Jumamosi, "Baba, wenzangu wana boti zao." Mengi yaliyoandikwa kuhusu boti hizi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako jua haliunguzi faiba na nyuzi za tanga kama linavyofanya huku kwetu, na ambako mtu akivunja kipuri leo anapata kingine kesho. Kwetu makosa ni yaleyale, lakini hulipiwa kwa muda mrefu zaidi, maana mara nyingi kipuri humsubiri mtu anayesafiri kutoka ng'ambo.

Boti ninayoizungumzia ni Optimist, ile yenye omo, yaani sehemu ya mbele, iliyokatwa butu kama sanduku, ambayo klabu nyingi duniani huitumia kuwafundishia watoto. Iliundwa na Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, katika jimbo la Florida nchini Marekani, na sharti alilopewa lilikuwa kwamba iweze kutengenezwa nyumbani kwa plaiwudi, kwa gharama isiyozidi dola 50, ili watoto wa watu wa kawaida nao waweze kushindana. Ndiyo sababu umbo lake ni la mbao bapa zilizounganishwa pembeni. Siku hizi nyingi ni za faiba, lakini umbo halikubadilika: urefu wake ni mita 2 na theluthi hivi, na tanga lake ni la pembe nne, lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 3.3, ambalo pembe yake ya juu husukumwa na mti mwembamba uliowekwa mshazari. Boti zote hufuata vipimo vilevile ili wanaoshindana wawe watoto na si mifuko ya wazazi wao. Kuhusu uzito, kanuni inasema kwamba bodi, yaani boti tupu bila mlingoti wala tanga, lisipungue kilo 35. Kanuni hiyo inamzuia mtu kuunda boti nyepesi kupita kiasi. Haimzuii yeyote kumuuzia mwenzake boti nzito.

Tuliinunua mwezi wa Oktoba. Kufikia Januari, kaskazi ilipokuwa imetulia na asubuhi zikawa za upepo mwanana katika ghuba ya Msasani, binti yangu alikuwa akirudi ufukweni wa mwisho kila Jumapili. Wenzake walipopindua, yaani walipogeuza tanga upande wa pili, wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, boti zao zilichukua mwendo tena mara moja. Yake ilisimama, ikasita, kisha ikaanza kujivuta polepole kana kwamba kuna mtu ameshikilia tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, chini ya maji. Mwalimu alimwambia anachezesha kana, yaani mpini wa usukani, mno. Mimi nilimwambia awe makini zaidi, na maneno hayo nayajutia hadi leo. Alikuwa akishuka na viganja vilivyochubuka kwa kuivuta demani, kamba inayoongoza tanga, akiivuta kwa nguvu kuliko wote kwa matumaini kwamba nguvu ndizo zilizopungua. Jioni moja, tukiwa garini, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, mimi sina mkono wa tanga." Hakuwa analalamika. Alikuwa amefikia uamuzi.

Mwezi wa Machi baba yangu alikuja kututembelea. Ni mtu aliyetumia ujana wake katika mashua kati ya Kilwa na Dar es Salaam, na ingawa kiboti cha faiba hakikuwa jambo lililomvutia sana, alifuatana nasi ufukweni kwa ajili ya mjukuu wake. Tulipotaka kuipandisha boti kwenye kigari chake, alishika omo upande wangu. Aliinyanyua, akaishusha, akainyanyua tena, kisha akaniuliza, "Chombo hiki kilitoka majini lini?" Nikamjibu kwamba ni Jumapili iliyopita, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Akasema, "Basi bado hakijatoka."

Tuliazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa mchuuzi wa samaki, ile yenye ndoano na uso wa duara kama saa. Tukauondoa mlingoti, usukani, ubao wa kushusha majini na kila kamba iliyoweza kufunguliwa, tukalifuta bodi kwa kitambaa mpaka likakauka, tukapitisha kamba mbili chini yake na kulining'iniza kwenye tawi la mkungu. Mshale ulitulia kwenye kilo 46 na nusu. Binti yangu ndiye aliyesoma namba hiyo, kwa sauti, kisha akafanya hesabu mwenyewe: zaidi ya kilo 11 za ziada, kwa mtoto ambaye yeye mwenyewe ana kilo 31. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji iliyojaa katika kila mashindano, wakati wenzako hawakubeba kitu. Alinitazama akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nilimwambia si yeye, na nikamwomba radhi.

Maji huingiaje ndani ya kitu ambacho kwa macho ni kizima? Sakafu ya boti hizi si faiba tupu. Katikati ya tabaka mbili nyembamba za faiba kuna tabaka la povu gumu, ambalo huipa sakafu ugumu bila kuiongezea uzito. Povu hilo likiwa kavu hudumu miaka mingi. Lakini kila mahali palipotobolewa kwa ajili ya skrubu, kila ufa wa unywele kwenye kona, na kila mkwaruzo uliofika ndani baada ya boti kuburutwa juu ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa, ni mlango. Maji huingia tone kwa tone, na chumvi yake huvuta unyevu hata boti ikiwa kivulini, na hakuna njia rahisi ya kuyatoa. Tulijaribu. Tuliiweka boti ile kwenye banda lenye hewa kwa wiki tatu, tukiwa tumefungua kila skrubu tuliyoweza kuifungua, na ikapungua kilo moja na nusu tu kabla masika haijaanza. Na ile rangi nzuri ya samawati? Boti ya faiba hutoka kiwandani ikiwa na rangi yake ndani ya tabaka la juu, wala haihitaji kupakwa. Mtu akiipaka, ana sababu. Huenda sababu ni njema, kwa mfano kufunika weupe wa chokaa unaoletwa na jua, lakini ni wajibu wa mnunuzi kuiuliza. Chini ya rangi ya kwetu, fundi aliyetusaidia alikuta viraka vinne.

Sikuiuza. Niliikabidhi kwa darasa la watoto wanaoanza, ambako mtoto hashindani na yeyote bali anajifunza kukaa, kushika kana na kutoogopa, na nikaandika uzito wake kwa wino usiofutika ndani ya tezi ili asiwepo mzazi mwingine atakayedanganyika nao.

Safari ya pili ya kutafuta niliifanya taratibu, nikiwa na mzee wangu kwenye simu na binti pembeni yangu. Kwa Dar es Salaam, wakati mzuri ni Juni na Julai, mwaka wa masomo wa shule za kimataifa unapomalizika na familia za wageni zinapofungasha. Wauzaji hao wana haraka, na mara nyingi wanauza kila kitu pamoja: boti, kigari, tanga mbili, na sanduku la kamba na vipuri ambalo peke yake lina thamani kubwa huku kwetu. Haraka yao humsaidia mnunuzi katika bei, lakini pia humbana, kwa kuwa anaambiwa kuna mwingine anakuja saa kumi. Niliamua kwamba boti yoyote ambayo mwenyewe hataniruhusu niipime kwa mizani, siichukui, hata kama ni ya kutupa. Wawili walikataa. Mmoja alidai kwamba haiwezekani kuning'iniza boti bila kuiharibu, jambo ambalo si kweli, maana kamba mbili pana zikipitishwa chini ya bodi, moja karibu na omo na nyingine karibu na tezi, haziliumizi hata kidogo.

Baada ya mizani hufuata sarafu. Nilitumia ile ya shilingi 200. Unagonga sakafu polepole, hatua kwa hatua, kama anayegonga nazi kutafuta iliyokomaa. Mahali penye afya hutoa sauti kavu, fupi na ya juu. Mahali ambapo faiba imeachana na povu, au povu limelowa, sauti huwa nzito na hufa papo hapo. Binti yangu alikuwa na masikio mazuri kuliko yangu, kwa hiyo yeye aligonga na mimi nikachora duara kwa chaki kila aliposema "hapa". Duara zikikusanyika mahali pamoja, tatizo ni kubwa. Zikiwa moja moja na mbali mbali, huenda ni viraka vya zamani vilivyotengenezwa vizuri. Sehemu zinazostahili muda mrefu zaidi ni shimo linalopokea mguu wa mlingoti, ubao unaoushikilia mlingoti kwa juu, kisanduku cha katikati kinachopitisha ubao wa kushusha, na bawaba za usukani kwenye tezi. Hizo ndizo sehemu zinazobeba nguvu yote ya upepo. Ingiza kidole ndani ya kisanduku cha katikati ukipapase pande zote mbili, maana boti ikigonga mwamba ubao ukiwa chini, ufa huanzia pembe ya nyuma ya kisanduku hicho, na jicho haliufikii.

Kisha kuna jaribio ambalo sikulisoma popote. Baba aliniambia kwamba mafundi wa mashua aliowafahamu hawakusubiri chombo kiingie baharini ndipo wajue kama kalafati, ile pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, imeshika. Walimimina maji ndani, wakaenda kukaa kivulini, wakarudi kutazama nje. Tulifanya hivyo. Tuliiweka boti juu ya matairi mawili ya gari, tukamimina maji kwa ndoo mpaka yakafika kina cha kiganja, tukasubiri nusu saa. Usizidishe hapo, kwa sababu kila lita ni kilo moja na sakafu haikuundwa kubeba bahari ikiwa nchi kavu. Tone linaloonekana chini lina anwani yake, na fundi anaweza kuliziba. Hata hivyo jaribio hili huonyesha tundu linalopita moja kwa moja tu. Yale maji yaliyokwisha kujificha ndani ya povu ni mizani pekee inayoyaona, ndiyo maana huanza.

Mifuko ya hewa iko mitatu, miwili pembeni na mmoja nyuma, na kazi yake ni kuifanya boti iliyojaa maji iendelee kuelea ili mtoto aweze kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na kuendelea na safari. Ijazwe hewa jioni na iachwe mpaka asubuhi. Mfuko uliolegea asubuhi huenda una tundu dogo kwenye mdomo wake tu, na hilo hurekebishika, lakini kama plastiki yenyewe imekauka na kupasuka kwenye mikunjo, hesabu gharama ya mpya. Vuta pia mikanda inayoifunga, kwa nguvu zako zote, kwa sababu mfuko uliojaa husukuma juu kwa nguvu kubwa boti inapozama, na mkanda mmoja uliooza hutosha kuuachia. Mwenye boti akikubali, mpeleke mtoto maji ya kiunoni na umwache aipindue kwa makusudi. Inapaswa kuinuka na kukaa sawasawa. Ikiinamia upande mmoja, kuna mfuko unaovuja au sakafu iliyolowa upande huo.

Mlingoti, mti wa chini wa tanga na ule mti wa mshazari huwa vya alumini. Viviringishe mezani; kilichopinda kitaruka. Mahali ambapo chuma cha pua kimekutana na alumini, chumvi hufanya kazi yake kimyakimya, na utaona unga mweupe umezunguka ribiti. Kukwangua kidogo kwa kisu kutakuonyesha kama ulaji ni wa juu au umefika ndani. Na hakikisha kibano au kamba inayoufunga mlingoti chini ipo na inakaza. Boti ikipinduka bila kifungo hicho, mlingoti huchomoka nusu, na ile nusu iliyobaki ndani huwa kama mtaimbo unaoupasua ubao ulioushikilia. Uharibifu wa namna hiyo niliuona kwenye boti ya tatu niliyoikagua, na mwenyewe hakujua kwamba kamba iliyokosekana, ambayo ingemgharimu shilingi elfu chache, ndiyo iliyokuwa chanzo.

Tanga nalo linanifanya niseme jambo ambalo wauzaji hawatalipenda: tanga lililotumika lihesabiwe kuwa limekwisha mpaka lithibitike vinginevyo. Kitambaa kizuri kina ugumu, na ukikikunja mkononi kinalia kama karatasi mpya. Kikishachoka kinakuwa laini kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, na kwa kanga huo ni uzuri, lakini kwa tanga ni kifo, kwa sababu tumbo lake huhamia nyuma na boti haiwezi tena kubisha vizuri. Angalia nyuzi za mshono kabla ya kitambaa. Jua huzila nyuzi kwanza. Ukipitisha ukucha juu ya mshono na uzi ukakatika, jua limekwisha kufanya kazi yake. Habari njema ni kwamba tanga hubadilishwa. Bodi lililolowa halibadilishwi. Kwa hiyo kati ya bodi kavu lenye tanga lililokufa na bodi zito lenye tanga jipya, hakuna haja ya kufikiri mara mbili.

Usukani na ubao wa kushusha nivitaje kwa kifupi: vishike mbele ya jicho kama unavyotazama unyoofu wa mbao sokoni, na uvikatae vilivyojisokota kwa kuachwa juani. Kigari kiwe na magurudumu mapana, maana maji ya Msasani yakikupwa wakati wa bamvua, safari ya kuyafikia ni ndefu na ina tope. Karatasi za usajili na kibandiko cha namba kwenye bodi ni muhimu ikiwa mtoto atashindana rasmi, ingawa wanaokwenda mashindano makubwa nje ya nchi mara nyingi hukodi boti hukohuko, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua boti ya bei ya juu leo kwa ajili ya safari ya miaka mitatu ijayo.

Kuna kishawishi kingine ambacho kilinipata mimi pia, cha kununua boti kubwa zaidi ili "akue nayo". Binti yangu alikuwa amesikia habari za Deizy Nhaquile wa jirani zetu Msumbiji, aliyeshiriki Olimpiki ya Tokyo katika boti ya Laser, ambayo sasa huitwa ILCA, na alijua kwamba ukoo huo una tanga dogo la vijana, lile la mita za mraba 4.7, linalofungwa kwenye bodi lilelile la wakubwa. Ni kweli, na ni njia nzuri kwa kijana aliyekaribia kilo 50. Lakini bodi hilo lina urefu wa zaidi ya mita 4, na mtoto wa kilo 33 akipinduka nalo kusi ikiwa imekaza mwezi wa Julai, anaweza kusimama juu ya ubao wa kushusha mpaka achoke na boti isiinuke. Optimist inamruhusu mtoto kushindana mpaka mwaka anaotimiza miaka 15. Kwa msichana wa miaka 10 hiyo ni miaka mitano ya kujifunza kwa boti anayoiweza mwenyewe, tangu kuifunga tanga mpaka kuipandisha ufukweni. Hoja ya "akue nayo" naikataa pia kwa jaketi la uokozi. Jaketi la mtoto linunuliwe kwa mwili wake wa leo. Likiwa kubwa hupanda na kumpita kichwani pale hasa anapolihitaji.

Boti tuliyoichukua hatimaye ilikuwa nyekundu siku za nyuma. Jua limeigeuza kuwa ya waridi iliyopauka, na ukiipapasa kiganja chako kinabaki na unga. Chini ina mikwaruzo mirefu ya matumbawe, na upande wa kulia kuna kiraka cha faiba ambacho hakikupakwa chochote, cha kijani kibichi kama glasi ya chupa. Mama aliyeiuza alianza kuomba radhi kabla hatujaifikia. "Kaka, najua haipendezi, basi tutaelewana," akasema, na akashusha bei mwenyewe kutoka milioni 2 na laki 4. Aliturudisha bandani, akatuonyesha kiraka kile na kutueleza kwamba mwanawe aligonga ngazi ya zege, ni mwaka gani, na nani alikitengeneza. Mizani ilisema kilo 36 na gramu 200. Sarafu ilipata duara moja tu. Maji hayakutoka popote. Nilimwambia, "Dada, mikwaruzo hii haikupunguzii kitu, bodi lako ni zima, tunachopaswa kuzungumza ni tanga, maana hili limechoka." Tukakubaliana milioni 1 na laki 9, na tanga lililotumika msimu mmoja tu nikalipata baadaye kwa laki 5.

Fundi aliziba mikwaruzo iliyokuwa imefika ndani, tukaiacha ikauke wiki nzima, na kila tundu la skrubu tukalijaza kizibo kipya kabla ya kuirudisha skrubu. Nilinunua kamba inayoelea, yenye urefu wa mita 8 kama kanuni inavyotaka, kwa ajili ya kuivutia omoni. Binti akafunga upo wake, kile chombo cha kufulia maji, mwenyewe kwa kamba fupi ili boti ikipinduka usimkimbie, na akafunga filimbi kwenye jaketi. Sasa kila akitoka baharini anaiosha kwa maji yasiyo na chumvi, anafungua mifuko ili upepo upite chini yake, na anaifunika kwa turubai kivulini. Hakuna aliyemlazimisha. Amekwisha kujua maji yaliyobaki ndani yanakwenda wapi.

Jumapili ya kwanza aliyoshindana nayo hakushinda. Alikuwa wa tano kati ya tisa, na alipopindua karibu na boya la mwisho boti yake ilichukua mwendo papo hapo, nami niliyekuwa ufukweni niliona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Aliporudi alizungumza kuhusu upepo tu: kwamba uligeuka kidogo kutoka upande wa kisiwa cha Bongoyo, na kwamba yeye aliuona kabla ya yule aliyekuwa mbele yake.

Kwenye ukuta wa banda letu kuna safu mbili za namba zilizoandikwa kwa penseli. Moja ni uzito wa boti, tunayoining'iniza kila Machi kabla ya masika na kila Septemba, na nyingine ni uzito wa binti. Mara ya mwisho boti ilikuwa na kilo 36 na gramu 400, naye kilo 38. Safu ya binti ikifika 50, nitaiuza boti, na mzazi atakayekuja ataikuta ikiwa imening'inia kwenye mkungu, na mizani juu yake.